Kununua nyimbo za kidijitali: maswali tunayoulizwa kila siku Langoni

Kibanda chetu kiko Langoni, Lamu. Kilianza na kaseti, kikaja kikauza CD, na siku hizi kazi ni simu, spika, flashi na kuhamisha kaseti za zamani. Haipiti siku bila mtu kuweka simu juu ya meza na kuuliza kama kununua nyimbo mtandaoni si kutupa pesa. Majibu ninayowapa ndiyo haya. Nimeyaandika ili aliyeko Faza, Kiunga au Malindi asihitaji kufunga safari.

Kwa ufupi: ninunue au nisinunue?

Nunua wimbo ambao ukipotea utaumia. Zilizobaki zisikilize kwa kulipia mwezi, au redioni, au bure pale penye ruhusa. Na ukinunua, hakikisha unapewa faili lenyewe, la kutia kwenye flashi na kulia hata kwenye simu isiyo na laini. Ukiona kitufe kimeandikwa "nunua" lakini wimbo hautoki nje ya programu ile, rudisha pesa yako mfukoni.

Kuna tofauti gani kati ya kununua na kulipia kila mwezi?

Kulipia mwezi ni sawa na kupanda boti ya Mokowe. Unatoa nauli, unavushwa, na ukishuka huna dai lolote juu ya boti. Si jambo baya, sote tunavuka hivyo. Taabu huanza pale mtu anapodhani boti ni yake kwa kuwa ameipanda miaka mitano.

Nyimbo unazozipakua ndani ya Spotify, kwa mfano, hazijawa zako. Programu inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili ithibitishe kwamba bado unalipa. Ukiacha kulipa, zinafungwa. Kwa mtu wa mjini haisumbui. Kwa mvuvi aliyepiga dago, yaani kambi ya uvuvi, upande wa Kiwayu, ambako laini hushika kwa kubahatisha, inasumbua sana. Ndiyo maana ukiingia kwenye jahazi utakuta spika ndogo yenye memori kadi ubavuni. Hiyo haimuulizi mtu kama amelipa mwezi huu.

Mimi somo hili lilinifika kwenye harusi ya mpwa wangu, Shela. Niliandaa orodha ya nyimbo katika huduma mojawapo ya kulipia, nikaipanga kwa siku tatu. Usiku wenyewe wanawake wameshakaa, mimi niko nyuma ya pazia na waya wa spika mkononi, nikafungua orodha nikakuta majina mawili yamegeuka kijivu. Nabonyeza, kimya. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ruhusa ya kuzicheza ilikuwa imekwisha baina ya huduma na wenye nyimbo. Hakuna aliyenijulisha, wala mkataba niliokubali bila kuusoma haukuwalazimisha kunijulisha. Moja ya hizo mbili ndiyo iliyokuwa ya kumtoa bibi harusi. Dada yangu alikuwa ameichagua tangu binti akiwa darasa la nne.

Hesabu yake ikoje?

Tuseme huduma inakukata Sh300 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh3,600, kwa miaka mitano ni Sh18,000. Wimbo mmoja wa kununua mara nyingi huwa karibu dola 1, tuseme Sh130. Kwa zile Sh18,000 ungekuwa na nyimbo 138 za kukaa nazo.

Sasa jiulize unarudia nyimbo ngapi. Kijana anayetaka kila kipya kinachotoka Nairobi na Dar es Salaam, akichoke wiki mbili baadaye, namwambia wazi asinunue. Alipe mwezi, atafaidika zaidi. Lakini mpenzi wa taarab si hivyo. Nikikaa na mteja wa aina hiyo tukafungua simu yake, tunakuta ni nyimbo zile zile: mbili za baba yake, tano za harusi yake, kumi alizozisikia Mombasa alipokuwa kazini. Huyo analipa nauli ya kila mwezi kuvuka mfereji ambao angeweza kuujengea daraja kwa pesa ya mara moja.

Na bando?

Hapa ndipo watu wengi wanaponikubali. Kusikiliza mtandaoni kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde kunakula MB 144 kwa saa. Ukifungua saa tatu kwa siku, mwezi mzima unakaribia GB 13. Wimbo wa dakika 10, ambao katika taarab si mrefu, ukiununua kama MP3 ya kiwango hicho ni MB 24 tu. Unaushusha mara moja, ukitaka uusikilize mara elfu. Shusha usiku, bando linapokuwa rahisi na netiweki imepumzika.

Pesa yangu inamfikia mwimbaji kweli?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake linategemea umenunua wapi na kwa nani.

Huduma za kulipia mwezi hazina bei ya kila mchezo, yaani kila mara wimbo unapochezwa. Pesa za wasikilizaji zinakusanywa chungu kimoja, kisha zinagawanywa kwa kadiri ya nani amesikilizwa zaidi. Mchezo mmoja huishia kuwa sehemu ndogo ya senti ya dola, na hiyo nayo hupita kwa wasambazaji kabla ya kumfika msanii. Tangu mwaka 2024 Spotify imeweka sharti jingine: wimbo usiofikisha michezo 1,000 katika miezi 12 haupati chochote katika fungu la rekodi. Mpiga udi wa Lamu ambaye wimbo wake umechezwa mara 900, na watu 900 waliompenda kweli, kila mmoja mara moja, anaondoka mikono mitupu. Mia tisa kwetu ni watu wengi. Ni harusi mbili zilizojaa.

Sasa weka upande wa pili. Bandcamp, duka la nyimbo la mtandaoni lililoanza mwaka 2008, linakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na asilimia 10 muuzaji akishapita dola 5,000, mbali na ada ya malipo. Kwa wimbo wa Sh130, takriban Sh100 inafika kwa muuzaji. Yaani wasikilizaji kumi tu walionunua wanampa msanii Sh1,000, wakati wale 900 waliosikiliza hawakumpa kitu. Duka hilo pia lina Ijumaa maalumu, zilizoanza Machi 2020, ambapo linaacha kukata fungu lake. Ukiwa na subira, nunua siku hiyo.

Lakini angalia nimesema "kwa muuzaji". Muuzaji si lazima awe mwimbaji. Rekodi nyingi za zamani za pwani zilinunuliwa moja kwa moja. Mwimbaji alilipwa siku ya kurekodi, akapewa mkono, basi. Siku hizi kuna tatizo jingine la watu wanaopakia kaseti walizokuta sandukuni mwa shangazi, wanajiandikia jina la kampuni na kukusanya pesa. Kabla ya kulipa, soma ukurasa wote. Je, mwimbaji ametajwa kwa jina kamili? Wapigaji wametajwa? Aliyetunga shairi yupo? Taarab yetu kwa kawaida mtunzi ni mmoja na mwimbaji mwingine. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, aliimba mashairi mengi ya Ahmad Nassir, na Zein l'Abdin wa hapa Lamu akaimba ya Ahmed Sheikh Nabhany. Muuzaji asiyejua hata jina la mtunzi, mimi simwamini na pesa ya mtunzi.

Na kama mwimbaji mwenyewe yuko hai na namba yake ya M-Pesa inajulikana mtaani, nunua kwake kwanza. Mwambie akutumie wimbo kwenye WhatsApp kama hati, si kama ujumbe wa sauti, usije ukapunguzwa ubora njiani.

Si wewe mwenyewe ulikuwa ukitujazia memori kadi?

Ndiyo, na kwa miaka mingi. Mtu alileta kadi ya GB 4, nikaijaza hadi ikasema imejaa, akanilipa Sh100. Mwimbaji hakupata hata ndururu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kunakili kazi ya mtu kwa biashara bila ruhusa yake, na nilijua, kwa kuwa enzi za CD tulikuwa tunaulizwa stika za Bodi ya Hakimiliki.

Siku moja akaja mzee ambaye sauti yake nilikuwa nikiiuza kila wiki. Alikuwa hana nakala ya wimbo wake hata mmoja. Akaniomba nimtafutie, nikaupata wimbo kwenye kompyuta baada ya dakika moja, nikamtilia. Akatoa noti ya Sh100 akaiweka juu ya kioo cha meza kama mteja mwingine yeyote, akasubiri nichukue. Sikuweza kuishika. Kompyuta ile niliifuta wiki hiyo hiyo.

Kuna pa kupata nyimbo bure bila kumdhulumu mtu?

Pako. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, inaruhusu kupakua bure, na wasanii wanapata fungu kutokana na matangazo. Nyimbo mpya za Kenya na Tanzania zimejaa pale. Taarab ya zamani usitarajie sana. Kwenye Bandcamp nako wapo wasanii wanaoacha mnunuzi apange bei, hata sifuri. Ukiweza, usiweke sifuri.

Faili la MP3 au la FLAC: nichukue lipi?

Kama duka linakupa uchaguzi, chukua FLAC ya kuweka na MP3 ya kilobiti 320 ya kusikiliza. FLAC inabana faili bila kutupa chochote cha sauti. MP3 inatupa sehemu ambazo sikio ni nadra kuzisikia. Kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote, lakini kilichotupwa na MP3 hakirudi.

Kwenye spika za harusi, nje, na upepo wa kusi unavuma, hutasikia tofauti kati ya FLAC na MP3 nzuri. Nimejaribu mara nyingi. Utakachosikia ni tofauti ya MP3 nzuri na lile faili lililotolewa kwenye video, likabanwa, likapitishwa makundi kumi ya WhatsApp. Udi unabaki, lakini matari yanakuwa kama mchanga unaomwagwa kwenye sinia, na taishokoto, kile kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo, inakwaruza meno. Watu wanasema rekodi za zamani ni mbovu. Nyingi si mbovu, zimechoshwa.

Nina iPhone na nilinunua nyimbo zamani. Bado ni zangu?

Duka la iTunes lilipofunguliwa mwaka 2003, nyimbo zake zilikuwa na kufuli lililozuia kuchezwa nje ya vifaa vilivyoruhusiwa. Mwaka 2009 Apple ikaliondoa. Kama ulinunua baada ya hapo, faili lako halina kufuli. Litoe kwenye simu, lihifadhi pembeni. Usingoje simu ianguke majini pale gatini.

Duka likifungwa je?

Yanafungwa. Microsoft iliacha kuuza muziki mwishoni mwa mwaka 2017. Google Play Music ilizimwa mwaka 2020, na wateja wakapewa muda wa kuhamisha vitu vyao. Aliyekuwa ameshusha mafaili yake hakuhisi kitu.

Kwa hiyo ukinunua leo, shusha leo. Weka nakala mbili: moja kwenye simu au laptopu, nyingine kwenye flashi au diski inayokaa nyumba nyingine. Nasema nyumba nyingine kwa kuwa hewa yetu ya chumvi inakula vifaa, na flashi mbili zilizolala droo moja zinaweza kuoza pamoja.

Sina kadi ya benki. Nalipaje?

Ndani ya programu ya M-Pesa kuna GlobalPay, kadi ya Visa isiyoshikika, iliyoanza mwaka 2022. Unaifungua, unapata namba zake, unalipa kutoka salio lako. Angalia kiwango cha kubadilisha dola kabla ya kukubali, na nunua albamu nzima kwa pamoja badala ya nyimbo moja moja, maana makato madogo yakirudiwa mara kumi yanakuwa makubwa. Wazee nawafanyia hapa hapa kibandani, wakiwa wamekaa mbele yangu na simu yao mkononi mwao. Namba ya siri wanabonyeza wenyewe.

Skiza nayo ni kununua muziki?

Hapana. Skiza ni wimbo wa Safaricom unaolia badala ya mlio wa kuita: unamlipia anayekupigia asikie, wewe husikii kitu. Ila kwa msanii ina maana: marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanampa mwenye kazi si chini ya asilimia 52 ya mapato hayo.

Na kasida?

Rekodi za Maulidi ya Riyadha watu wanapeana bila malipo, na mimi sichukui kitu kuzinakili. Kasida iliyorekodiwa studio ni jambo jingine. Vijana wale wamelipia saa za studio, basi waulizeni wenyewe wanataka nini.

Naweza kuuza tena wimbo nilioununua? Nikifa nani atarithi?

Kuuza, hapana. Kampuni ya Marekani iitwayo ReDigi ilijaribu kufungua soko la mitumba la nyimbo za kidijitali. Capitol Records ikaishtaki, na mahakama ya New York ikaamua dhidi ya ReDigi mwaka 2013. Rufaa nayo ilishindwa mwaka 2018, kwa hoja kwamba kuhamisha faili ni kutengeneza nakala mpya.

Kurithi ni suala la wapi umeweka. Akaunti kwa kawaida ni ya mtu mmoja na masharti yake yanakataza kumpa mwingine, tena paswadi huenda na mwenyewe. Diski iliyo kabatini wanao wataikuta. Iandike jina juu yake.

Wimbo ninaoutaka hauuzwi popote.

Nakuelewa, kwa kuwa hili ndilo linalonifanya niendelee kufungua kibanda. Taarab ya pwani iliyoingia kwenye maduka ya mtandaoni ni sehemu ndogo. Nyingi ilibaki kwenye kaseti, na nyingine haikuwahi kuwa na kaseti ya dukani: ni mtu aliyeweka redio yake karibu na spika usiku wa harusi akabonyeza kitufe chekundu. Utasikia mtoto analia, kikombe kinaanguka, mwimbaji anamtaja bwana harusi katikati ya beti. Hakuna duka litakalokuuzia hiyo.

Basi pesa uliyotaka kununulia wimbo itumie kuokoa kaseti. Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kaseti iliyokaa miaka ndani ya sanduku huota ukungu mweupe kwenye ukingo wa tepu, na unaonekana kupitia kidirisha. Ukiuona, usiicheze kabisa, ukungu utahamia kwenye deki na kutoka hapo kwenye kaseti zote. Ile iliyo safi tunaipeleka mbele mpaka mwisho na kuirudisha nyuma polepole, ili tepu iachane kabla ya kuvutwa. Kichwa cha deki kinafutwa kwa pamba na spiriti. Kuna skurubu ndogo pembeni ya kichwa. Nikiizungusha kidogo sana huku nasikiliza, sauti inatoka kwenye blanketi inakuja mbele, na mara nyingi mwenye kaseti hapo hunyamaza. Kisha waya unaingia kwenye kompyuta, programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, inarekodi kwa biti 24, na tunakaa. Kaseti ya saa moja inachukua saa moja, hakuna njia ya mkato, na faili lake linakaribia GB 1 kabla ya kubanwa kuwa FLAC.

Kuhusu haki: hapa Kenya rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utungo unalindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Kaseti ya mwaka 1978 rekodi yake ina ulinzi hadi mwisho wa 2028, na shairi lililomo laweza kuwa na ulinzi muda mrefu zaidi. Kwa hiyo nakala ninayokupa ni ya nyumbani kwako. Siiweki mtandaoni, na nakuomba nawe usiiweke kabla ya kuzungumza na familia ya mwimbaji. Familia nyingi ziko hapa hapa, kati ya Langoni na Mkomani.

Lete kaseti asubuhi, kabla stima haijaanza kukatika, na usiifungue kwa bisibisi nyumbani. Njoo pia na karatasi uliyoandika harusi ilikuwa ya nani, mwaka gani, nani aliimba na nani alipiga ngoma. Kama hujui, muulize mkubwa wako leo, kwa sababu majina hayo kwenye tepu hayamo.